Maswali na Majibu: Fungua kitabu kwanza, kalamu baadaye

Shindano la insha kwa sekondari za Tanga lina mada moja mwaka huu: Mtawala na raia katika fasihi ya pwani yetu. Maneno yasizidi 1,500. Tangu litangazwe napokea maswali kila siku, na nimechagua yale yanayojirudia.

*Shikamoo mwalimu. Naomba unisaidie dhamira, ujumbe, migogoro na falsafa ya Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert. (Kidato cha nne, Muheza)*

Marahaba, mwanangu. Ila hapo hujauliza swali, umeniomba nikuandikie. Orodha hiyo ni ya kujibia mtihani, na ndiyo inayoziua insha zenu. Mwaka jana nilisoma rundo zima, na nyingi zilianza na "Fasihi ni sanaa itumiayo lugha". Likafuata maelezo ya fani na maudhui, kisha wahusika: Majivuno ni mtu mwenye majivuno. Basi, imekwisha. Mwamuzi anajua fasihi ni nini. Anataka kujua wewe umeona nini.

Kusadikika, kitabu kinachosimulia nchi ya kubuni, kilitoka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza na Shaaban Robert mwenyewe akiwa mtumishi wa serikali yao. Humo raia mmoja, Karama, anashtakiwa kwa sababu ya kutaka watu wajifunze sheria, na anayemshtaki ni Majivuno, waziri. Angalia sasa anavyojitetea. Halii, wala hajisifu. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, wakatafute mema ya kuifaa nchi, na waliporudi malipo yao yakawa kifungo. Kesi imegeuka mbele ya macho ya baraza: mshtakiwa ndiye anayeshtaki. Hapo pana insha nzima. Kwa nini mtu ajitetee kwa mateso ya wenzake? Na kwa nini wajumbe sita, asitosheke na mmoja? Mimi nasema dhuluma ya kwanza mtawala ataiita bahati mbaya, ya pili ataiita kosa la karani, lakini ya sita hana tena pa kuificha. Nipinge ukitaka, nitafurahi. Lakini nipinge ukiwa umeshika ukurasa, usinipinge kwa mwongozo ulionunua stendi.

*Shaaban Robert alikuwa Mkristo?*

Mwislamu. Robert ni jina la baba yake. Swali hili limeletwa mara nyingi mno, na jibu lake haliipi insha yako alama hata moja.

*Tunapanga kwenda Machui kwenye kaburi la Shaaban Robert ili tuandike vizuri. Unashaurije? (Wanafunzi watano, Chumbageni)*

Nendeni, mkamwombee. Ni jambo jema, na ni hapa hapa karibu. Lakini msirudi na kurasa mbili za wasifu. Alizaliwa Vibambani 1909, akafariki 1962: mstari mmoja unatosha. Shindano linauliza juu ya mtawala na raia.

*Naweza kuzidisha maneno kidogo?*

Hapana.

*Mwanangu anaandikiwa insha na akili mnemba kwenye simu, anasema wenzake wote wanafanya hivyo. Nimkataze? (Mzazi, Makorora)*

Mkataze, dada yangu, na umweleze sababu, maana katazo tupu litamfanya ajifiche tu. Nilishasoma insha iliyomnukuu Karama kwa maneno matamu kabisa. Nikakifungua kitabu, nikakipitia mwanzo hadi mwisho, maneno hayo hayamo. Mashine ilikuwa imeyatunga, na mtoto hakuweza kugundua kwa kuwa hakuwahi kusoma. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi kuliko udanganyifu wenyewe. Kusadikika ni kitabu chembamba. Mtoto anayekikwepa ameikwepa sehemu tamu ya shindano na kubakiwa na jasho la kunakili.

Fanya hivi: akimaliza kuandika, mwambie akuonyeshe kila nukuu ilipo kitabuni. Huhitaji kuwa mwalimu wa Kiswahili kwa kazi hiyo.

*Mada inasema fasihi ya pwani. Naruhusiwa kutumia Utenzi wa Vita vya Wadachi? Nimeandika kuwa ni shairi la tarbia kwa sababu kila ubeti una mistari minne. (Kidato cha tano, Korogwe)*

Unaruhusiwa, na nimefurahi sana, kwa sababu wengi wanamsahau mtunzi wake, Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, ilhali ni wa kwetu. Ila tarbia ifute. Utenzi una mistari minne, kweli, lakini kila mstari ni mizani (silabi) nane, wakati mstari wa tarbia kwa kawaida ni mrefu zaidi, wenye vipande viwili. Vina vya mistari mitatu ya mwanzo vinafanana, na wa nne unabeba kina kinachokwenda hadi mwisho wa utungo. Hesabu mizani kwa vidole kabla ya kuupa jina.

Kisha fikiria vita vyenyewe vya Wadachi, yaani Wajerumani, na hali ya raia wa Mrima, pwani yetu ya bara, mwaka 1888. Sultani wa Unguja, Khalifa bin Said, alikuwa amewakabidhi Wajerumani uendeshaji wa pwani kwa mkataba. Walipokuja Pangani kupandisha bendera ya kampuni yao, watu wakakataa, vita vikawaka, na Desemba 1889 Abushiri, kiongozi wa mapambano hayo, akanyongwa palepale Pangani. Kwa hiyo mtawala katika habari hii ni nani: aliyekuja na bendera, au aliyetia sahihi akiwa mbali? Ukishindwa kuamua, andika hivyo hivyo kwamba umeshindwa na kwa nini. Insha ya namna hiyo naiheshimu kuliko yenye jibu la kuazima.

*Shuleni kwetu kitabu ni kimoja kwa darasa zima. Wanafunzi wangu watashindanaje na wa mjini? (Mwalimu, wilaya ya Pangani)*

Mwalimu mwenzangu, malalamiko yako ni ya haki. Ni aibu kuitangaza mada kabla ya kupeleka vitabu, na waandaaji nimewaambia ana kwa ana. Wakati tunasubiri, usikubali kitabu hicho kikae kabatini. Mtoto mwenye sauti nzuri asome kwa sauti, siku moja mjumbe mmoja, wengine wasikilize na kuandika walichokishika. Utenzi nao usiwape karatasini kwanza, waimbieni. Ulitungwa usikike, na mzee yeyote wa hapo kijijini anayejua mahadhi mwalikeni darasani aanze yeye.