Malezi yaamuliwe kwanza, nyumba itasubiri

Mhariri, wiki hii mmeuliza: wenzi wakiachana kwa ugomvi mkubwa, kipi kiamuliwe kwanza, malezi ya watoto au mgawo wa mali? Jibu langu ni malezi, tena yaamuliwe peke yake, kwenye kikao ambacho nyumba, kiwanja na gari havitajwi kabisa.

Mimi ni mjumbe wa baraza la usuluhishi wa ndoa katika kata moja ya Temeke. Wengi huja kwetu wakidhani sisi ndio tunaotoa talaka. Hatutoi. Tunasikiliza, tunajaribu kupatanisha, na ikishindikana tunajaza Fomu Namba 3 kuthibitisha kwamba tumeshindwa, ndipo mwenye shauri anakwenda nayo mahakamani. Kwa hiyo tunawaona watu wakati hasira bado ya moto, kabla mawakili hawajaingia, na hapo ndipo mtoto anapogeuzwa fimbo ya kumpigia mwenzako.

Mume na mke mmoja walikuwa na nyumba Mbagala, waliyoijenga kidogo kidogo kwa miaka, na binti aliyetakiwa kuanza darasa la kwanza Januari. Baba alikuwa amechukua cheti cha kuzaliwa cha mtoto na kadi yake ya kliniki. Mama alikuwa amechukua karatasi za mauziano ya kiwanja, zile zenye muhuri wa serikali ya mtaa. Kikao kizima kikawa hapo. "Alete karatasi zangu, cheti atakipata leo hii hii." "Cheti kwanza." Shule ilikuwa inaandikisha, siku zinakwenda, na mtoto amepelekwa kwa shangazi yake Kigamboni "mpaka mambo yatulie". Mwenyekiti wetu, mama mtu mzima asiyepandisha sauti, alimuuliza baba swali moja tu: "Baba, hicho cheti kina jina la nani?" Baba akanyamaza. Kikao kilichofuata alikuja nacho kwenye bahasha ya kaki. Tulitoa nakala, kila mzazi akachukua ya kwake, na cheti chenyewe akakabidhiwa mama kwa ajili ya shule. Karatasi za kiwanja hatukuzigusa. (Mzazi aliyefichiwa cheti asikate tamaa: aende RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, aeleze, utaratibu wa kupata kingine upo.)

Kinachochochea moto ni maneno ya mtaani kuhusu miaka saba. Nimewasikia akina baba, na hata akina bibi, wakisema kwa uhakika kabisa: "Sheria inasema mtoto akifika miaka saba ni wa baba." Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haisemi hivyo. Kifungu cha 125 kinasema mtoto wa chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa ni vema akae na mama yake, na hata hilo linaweza kupingwa kwa ushahidi. Hakuna mahali panaposema siku ya kutimiza miaka saba anahamishwa. Kinachotangulia ni ustawi wa mtoto mwenyewe. Baada ya hapo mahakama huangalia matakwa ya wazazi, mila za jamii yao, na matakwa ya mtoto ikiwa ana umri wa kutoa maoni yake. Kifungu hicho hicho kinaitaka mahakama ikumbuke ubaya wa kumvurugia mtoto maisha kwa kumhamisha hamisha. Kwa hiyo anayemchukua mtoto usiku na kumpeleka mkoani kwa bibi ili "awe wa kwanza" anajiharibia mwenyewe.

Tena sheria inaruhusu amri ya malezi kutolewa wakati wowote. Si lazima kungoja nyumba igawanywe. Wanaokubaliana wanaweza kuandikiana hata kabla ya kesi: mtoto analala wapi siku za shule, nani anamfuata, Jumamosi yuko kwa nani, ada inalipwa na nani. Nashauri ada ilipwe moja kwa moja shuleni, maana pesa inayopita mkononi mwa mtalaka huzua ugomvi mwingine. Wakishindwa, afisa ustawi wa jamii yupo, na mahakama ipo.

Mali ni safari nyingine. Mitaa mingi yetu nyumba haina hati, ina karatasi ya mauziano yenye jina la mtu mmoja, na mashahidi wengine wameshahama. Inatakiwa kuonyesha nani alitoa nini. Kifungu cha 114 kinataja mchango wa fedha, wa mali na wa kazi, na tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kazi za nyumbani na kulea watoto zinahesabika kuwa mchango. Wanawake wengi hawajui hilo. Wanakuja wameshakata tamaa kwa sababu hawana risiti hata moja ya saruji. Lakini mchango wa kila mmoja lazima uthibitishwe, na kuthibitisha huchukua muda, halafu kuna rufaa. Mtoto wa darasa la kwanza atakuwa amefika la nne.

Najua hofu inayowafanya watu wang'ang'anie mali kwanza: "Nikizubaa atauza." Ni hofu ya kweli, ila dawa yake siyo mtoto. Kifungu cha 59 kinamkataza mwenzi kuuza, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na anayeona dalili anaweza kuweka zuio la kisheria ili nyumba isiuzwe. Nendeni mapema serikali ya mtaa, mwambieni mwenyekiti kwa maandishi kwamba nyumba ina mgogoro wa ndoa, mbaki na nakala iliyopokelewa.

Wapo watakaosema anayepewa watoto ndiye atakayepewa nyumba, kwa hiyo vitu hivi haviwezi kutenganishwa. Ni kweli kifungu cha 114 kinaitaka mahakama izingatie mahitaji ya watoto wadogo inapogawa mali. Mimi naona hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuanza na malezi: hakimu atazingatiaje mahitaji ya mtoto ambaye hajulikani analala wapi?

Nitenge kundi moja. Anayepigwa ndani ya nyumba asiambiwe akakae kikao cha maelewano na anayempiga, wala asidanganywe kwamba bila fomu yetu mlango wa mahakama umefungwa. Sheria ina nafasi kwa mazingira ya kipekee ambapo kupelekwa barazani hakuna maana. Huyo aanzie Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, aende na watoto wake, na asirudi kufuata vyombo peke yake.