Jibu: Barakoa kidevuni sokoni

Ndugu, umeuliza kwa nini wafanyabiashara wa sokoni walioijua hatari ya Korona mwaka 2020 hawakuvaa barakoa ipasavyo. Naamini elimu haikuwa kikwazo kikuu. Muuza nyanya huishi kwa kunadi na kupatana bei, hivyo kila mteja alipofika, barakoa iliteremshwa kidevuni ili sauti isikike, kisha ikapandishwa kwa mkono uleule uliopokea noti. Ndoo ya maji tiririka ikiwa langoni, asiye na msaidizi hawezi kuacha meza akanawe. Lakini agizo lililowaachia biashara, hata likiwa gumu, wapo waliolifuata: kule Kampala, wauza vyakula wa soko la Nakasero walitakiwa na serikali kulala sokoni, na wako waliokubali, wakalala ndani ya vyandarua, kwa kuwa waliruhusiwa kuendelea kuuza.