Kanuni mpya za Dungeons & Dragons: maswali yenu

Mwaka 2024 kampuni ya Wizards of the Coast iliandika upya kanuni za toleo la tano la mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, Dungeons & Dragons, lililokuwa mezani tangu 2014. Hawakuliita toleo la sita, na balaa lilianzia hapo: watu wanafungua kitabu kipya wakidhani wanakijua. Barua ni nyingi, nimejibu hizi.

Tuko katikati ya kisa kirefu, wahusika wamefika ngazi ya 9. Tuhame au tumalize na kanuni za zamani? (Msimamizi wa mchezo, Nairobi)

Malizeni na za zamani. Kwenye ngazi ya 9 mtu ameshamzoea mhusika wake, anajua atafanya nini kabla zamu yake haijafika. Mkihama leo mtapoteza kikao kizima mkijaza karatasi upya, na kisa kitapoa. Hakuna anayewakimbiza. Hamu ikiwazidi, ngojeni kisa kifike kituo, kisha hameni wote siku moja.

Ila yapo mawili ya kuazima hata wiki hii. Kunywa dawa ya uponyaji sasa ni tendo dogo (la ziada, juu ya tendo kuu la zamu), kwa hiyo mtu anakunywa na bado anapiga kwenye zamu hiyo hiyo. (Meza nyingi zilikuwa zikifanya hivyo kitambo; kitabu kimekuja kuhalalisha tu.) Na uchawi wa kuponya, Cure Wounds, umetoka dadu moja la pande 8 hadi mawili. Kuhani wenu hatalalamika.

Nimecheza paladini, shujaa wa vita mwenye uchawi mtakatifu, miaka yote. Sasa pigo langu takatifu wameliua. Niendelee kwa lipi? (Mombasa)

Pole ndugu yangu, lakini hawajaliua. Zamani Divine Smite ilikuwa uwezo wa paladini: ukimpata adui, unateketeza nafasi ya uchawi (nazo zina idadi) na kuongeza madadu ya madhara. Kuanzia ngazi ya 5, unapopiga mara mbili kwa zamu, uliweza kufanya hivyo mara zote mbili. Zimwi ambalo msimamizi alilipika wiki nzima lilikuwa linakufa kabla halijafungua mdomo. Sasa pigo hilo ni uchawi unaotumia tendo dogo, na tendo dogo ni moja tu kwa zamu.

Hapo nawaunga mkono walioandika. Nisichokipenda ni kuligeuza kuwa uchawi, kwa sababu sasa adui mwenye Counterspell, uchawi wa kuzima uchawi wa mwingine, anaweza kukuzimia, na ukiwa mahali palipofungwa sauti huwezi kulitamka. Wangesema "mara moja kwa zamu" wakaishia hapo, ingetosha. Kama msimamizi wako anakubali, ombeni hivyo.

Lakini hesabu na ulichopewa. Unapata uchawi tangu ngazi ya 1 badala ya ya 2, halafu pigo moja la bure kila baada ya mapumziko marefu. Ngazi ya 5 inakuletea Find Steed, uchawi wa kuita farasi, bila kuuchagua. Lay on Hands, uponyaji wa kugusa kwa mkono, nayo imekuwa tendo dogo, na huo ni mtego, maana inagombea nafasi ile ile na pigo lako. Kila zamu utachagua: kuponya au kuchoma.

Mwenzetu kaja na mhusika nusu-orki (nusu mtu, nusu jitu) wa kitabu cha 2014. Anaweza kukaa kwenye meza ya kanuni mpya? (Arusha)

Anaweza. Afute nyongeza za sifa alizozaliwa nazo, yaani nguvu +2 na ustahimilivu +1. Nyongeza sasa zinatokana na maisha ya awali ya mhusika: askari, mhalifu, msomi na kadhalika. Achukue +2 na +1, au +1 tatu, pamoja na kipaji kimoja cha kuanzia. Mengine ya jamii yake abaki nayo.

Tangu tuanze ustadi wa silaha (kila silaha na athari yake ya ziada), mapigano hayaishi. Shoka la jamaa mmoja linaangusha watu, na kila pigo msimamizi arushe dadu kuona kama adui kajiokoa! (Dodoma)

Tatizo ni namna mnavyoutangaza. Kiwango cha kujiokoa, yaani namba ambayo adui lazima aifikie kwa dadu asianguke, ni 8, jumlisha nyongeza ya sifa, jumlisha ya ubobezi (inaanzia 2). Kwa mpiganaji wa ngazi ya 1 mwenye nguvu +3 ni 13. Aiandike juu ya karatasi yake, na akipiga aseme kwa pumzi moja: "Nimempata, madhara 9, ajiokoe kwa 13." Mkiona bado mnachelewa, mshawishi abadili silaha baada ya mapumziko marefu. Upanga mkubwa wa mikono miwili hauhitaji kurusha lolote la ziada: akikosa, adui bado anaumia kwa kiasi cha nyongeza yake ya nguvu.

Mkongwe wetu anabisha kila dakika kwamba "kanuni haisemi hivyo." (Kampala)

Huenda ni kweli haikusema hivyo, mwaka 2014. Wakongwe hujikwaa kwenye mambo yaliyobaki na jina lile lile. Kushtukizwa zamani kulikunyima zamu ya kwanza. Sasa unarusha dadu mara mbili kupanga zamu na kushika lenye namba ndogo. Uchovu ulikuwa na adhabu tofauti kila ngazi; sasa kila ngazi inakukata 2 kwenye dadu la pande 20 na futi 5 za mwendo, ingawa ya sita bado inaua. Mpe yeye kitabu awe mtafutaji wa kanuni mezani. Ubishi utapungua, nakuhakikishia.

Kitabu cha wachezaji ni dola 49.99 kabla ya usafirishaji. Lazima tununue? (Mwanza)

Hapana. Tangu Aprili 2025 kiini cha kanuni mpya, SRD 5.2, kinapatikana bure kwa leseni ya Creative Commons. Mnaruhusiwa kukichapa, kukigawa, hata kukitafsiri kwa Kiswahili, mradi mtaje kilikotoka. Kasoro yake ni kwamba kila fani (kama paladini au mpiganaji) imepewa tawi moja tu. Kwa kikundi kinachoanza ngazi ya 1 hilo halitawagusa mpaka ya 3, kwa kuwa sasa fani zote huchagua tawi hapo.