Maswali ya Wasomaji: Mwaka wa Michezo na Sanaa katika Shule ya Wasichana

SWALI: Nimekabidhiwa idara ya michezo na sanaa katika shule ya bweni ya wasichana. Mwaka uliopita timu ya netiboli na kundi letu la masimulizi yalifika mbali, lakini nilipopekua madaftari ya idara niliona majina yale yale kuanzia Januari hadi Agosti, ilhali mamia ya wasichana hawakugusa mpira wala kupanda jukwaani. Niupange vipi mwaka ujao? — Mwalimu, Kilifi

JIBU: Mwalimu, jambo uliloliona halipo shuleni kwenu peke yake. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zilizochapishwa mwaka 2019, kutokana na uchunguzi wa wanafunzi katika nchi 146, zilionyesha kwamba asilimia 85 ya wasichana wenye umri wa miaka 11 hadi 17 hawafikii wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku unaopendekezwa, ikilinganishwa na asilimia 78 ya wavulana. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha idara yako, kabla ya vikombe, kiwe ni idadi ya wasichana walioshiriki.

Anza na kipindi cha elimu ya viungo kilichomo kwenye ratiba. Katika shule nyingi kipindi hiki ndicho cha kwanza kuazimwa na mwalimu wa hisabati au wa kemia mitihani inapokaribia, nacho hakirudishwi, na hapo ndipo msichana asiye na jina kwenye timu yoyote hupoteza nafasi yake ya pekee. Zungumza na mwalimu mkuu mwezi Januari, kabla ya msukosuko kuanza, ili kipindi hicho kilindwe kama vingine. Una hoja nzito ya kumpa: tangu Gredi ya 10 ilipoanza mwaka 2026, Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mojawapo ya mikondo mitatu ambayo mwanafunzi wa Kenya huchagua, pamoja na Sayansi ya Jamii na ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati.

Kisha itazame kalenda ya mashindano kwa jicho la mpangaji. Muhula wa kwanza hubeba mpira wa vikapu, mpira wa mikono na magongo, na wakati huo huo kundi la drama linajiandaa kwa tamasha ya kitaifa ya mwezi Aprili. Muhula wa pili hubeba kandanda, voliboli na netiboli, huku kwaya na ngoma zikielekea tamasha ya muziki ya mwezi Agosti. Msichana mmoja akiwekwa katika timu na katika kundi la sanaa muhula huo huo, atachoka, masomo yake yatayumba, na mwenzake atakosa nafasi, kwa hiyo weka kanuni kwamba kila mmoja ashiriki shughuli moja kubwa kwa muhula. Muhula wa tatu, ambao mara nyingi hupita viwanja vikiwa vitupu, ufanye kuwa wa waliosalia: mechi za bweni kwa bweni, na maigizo mafupi yatakayochezwa mbele ya shule nzima pasipo majaji.

Nakusihi usipuuze magoti. Wasichana wanaocheza michezo ya kuruka na kugeuka ghafla huumia kano za goti mara nyingi zaidi kuliko wavulana, na netiboli ni mchezo wa namna hiyo hasa, kwa sababu anayedaka mpira hewani hulazimika kusimama papo hapo na kuutoa ndani ya sekunde 3. Mweke mchezaji juu ya kidato cha ngazi, aruke chini, nawe umtazame kutoka mbele. Magoti yakiingia ndani na kukaribia kugusana, hajawa tayari kwa mechi ngumu. Mfundishe atue kwa miguu yote miwili, magoti yakiwa yamekunjwa na kuelekea vidoleni, na kishindo kikiwa kidogo. Programu ya FIFA ya kupasha misuli moto iitwayo 11+, inayochukua takriban dakika 20, imethibitika kupunguza majeraha katika kandanda ikifanywa angalau mara mbili kwa wiki, na mazoezi yake hayahitaji vifaa zaidi ya mpira na alama za uwanjani.

Kwa upande wa sanaa, shule ya wasichana ina neema ambayo wengi hawaitumii. Katika shule za mchanganyiko, ngoma hupigwa na wavulana, nao ndio wapigiliao misumari ya jukwaa na kushika mitambo ya sauti. Kwenu kazi hizo zote ni za wasichana, pamoja na sauti ya babu na ya askari katika mchezo. Mkitayarisha ngoma za jadi za Wamijikenda kama gonda au sengenya, mwalikeni mpigaji mzoefu kutoka kijijini aje kufundisha midundo, na wapigaji wa siku ya tamasha wawe wanafunzi wenyewe. Msichana mwenye haya, ambaye hangethubutu kucheza mbele ya watu, huenda akakaa nyuma ya ngoma kwa furaha mwaka mzima.

SWALI: Binti yangu amechaguliwa katika timu ya mpira wa vikapu, lakini ninahofia atalazimishwa kuvua hijabu. — Mzazi, Mombasa

JIBU: Ndugu mzazi, FIFA iliruhusu hijabu katika kandanda mwaka 2014, na shirikisho la kimataifa la mpira wa vikapu likafuata mwaka 2017. Mtafutie hijabu ya michezo inayobana, isiyo na pini, na suruali ndefu ya kuvaa ndani ya kaptura, kisha umwone mwalimu wa michezo kabla ya mechi ya kwanza.

SWALI: Nimepewa nafasi katika ngoma ya kubuni, lakini siku za hedhi huumwa sana na tumbo. Nijiondoe? — Mwanafunzi, Kwale

JIBU: Binti yangu, usijiondoe. Mazoezi hayadhuru wakati wa hedhi, na kwa wengi hupunguza maumivu hayo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2017 inaitaka serikali iwape sodo bure wasichana walio shuleni, kwa hiyo ukikosa, mwombe mwalimu mlezi bila kuona haya. Maumivu yakikuzuia kuingia darasani, au damu ikiwa nyingi mno na ukahisi kizunguzungu, muone muuguzi ili upimwe kama una upungufu wa damu. Mweleze pia kiongozi wa kundi mapema, ili siku hizo ufanye mazoezi ya kuimba na mpangilio wa hatua, na miruko uirudie wiki inayofuata.