Mafuta ya alovera yanaota ukungu, na duka limeagiza vikopo 200

SWALI

Jambo Papa. Niko mama wa watoto wanne, ninakaa komini ya Katuba, hapa Lubumbashi. Tangu mwaka jana ninatengeneza sabuni ya mawese na mafuta ya kujipaka ya alovera. Ninasaga alovera mbichi, ninaichanganya na maji yaliyochemshwa, asali, mafuta ya avoka na ile nta ya unga inayoshikanisha maji na mafuta. Wateja wanayapenda. Lakini tangu mvua zianze, vikopo vitatu vimerudishwa: juu vina madoa ya kijani, ndani vinanuka uchachu. Rafiki yangu ananiambia niongeze ndimu na vitamini E. Sabuni nayo, safari moja inatoka nzuri, safari nyingine inawasha ngozi. Ninapima kwa kikombe. Sasa mwenye duka la vipodozi mjini anataka vikopo 200 vya yale mafuta na atalipa nusu mbele. Nipokee?

JIBU

Jambo Mama, na aksanti kwa kuuliza kabla hujaipokea pesa. Vikopo 200 vya mafuta hayo, hapana, usivipokelee malipo. Lakini duka lenyewe usiliache. Kuna kitu kingine unachoweza kuliuzia baada ya wiki chache, na vyombo vyake, isipokuwa mizani, unavyo tayari jikoni.

Tuanze na ukungu. Ukungu na bakteria wanahitaji maji na chakula, na kopo lako lina vyote viwili. Alovera mbichi karibu yote ni maji, na ndani yake mna sukari. Asali ni sukari tupu. Najua utaniambia asali haiozi. Ni kweli ikiwa peke yake, kwa sababu maji yake ni machache, kwa kawaida chini ya sehemu 20 katika 100, na vijidudu haviwezi kuishi humo. Ukishaizimua ndani ya maji, ulinzi huo umekwisha, kinachobaki ni chakula chao. Kuchemsha maji nako kunaua vilivyomo saa ile tu. Kidole cha kwanza cha mteja kinaingiza vingine, na unyevu wa masika unavikuza haraka.

Kinachonitia hofu si yale madoa ya kijani. Ukungu unaonekana, mtu anatupa kopo. Bakteria hawaonekani. Kopo linaweza kubaki jeupe na kunukia vizuri huku limejaa bakteria wa kuambukiza jicho la mtoto au ngozi iliyochanika baada ya kunyoa. Kwa hiyo yale ambayo hayajarudishwa usiyahesabu kuwa ni mazima.

Vitamini E ina kazi yake: inachelewesha mafuta yasipate harufu ya mafuta ya zamani. Ukungu haiugusi. Ndimu ni mbaya zaidi. Unaongeza maji na sukari nyingine, na ngozi iliyopakwa ndimu ikipigwa na jua inaweza kuungua na kubaki na mabaka meusi kwa muda mrefu. Kuweka kwenye friji hakutakufikisha mbali pia, maana umeme unakatika, na mteja akifika nyumbani kopo ataliweka kando ya kitanda.

Kitu cha maji kinahitaji kihifadhi, yaani kitu cha kuzuia vijidudu visikue. Watengenezaji wengi wa vitu vya asili wanalikataa neno hilo, nami naelewa kwa nini, lakini kuuza maji yenye sukari bila kihifadhi ni kumhatarisha mnunuzi. Vipo vya kufaa. Sodiamu benzoeti na potasiamu sorbeti, vilevile vinavyotiwa katika juisi za chupa, hufanya kazi pale tu mchanganyiko unapokuwa na asidi ya kutosha, yaani pH, kipimo cha asidi ambacho namba ikishuka asidi inazidi, isipite 5 hivi, kwa hiyo utahitaji karatasi za kupimia pH na asidi ya sitriki kidogo ya kuishusha. Fenoksiethanoli haihitaji asidi hiyo, na sheria ya Ulaya inaruhusu isizidi gramu 1 katika gramu 100. Vyote vinataka mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, na kabla ya kuuza, kopo lipelekwe maabara wahesabu vijidudu. Na alovera mbichi ya kusaga utaiacha kabisa, kwa sababu leo inaingia na vijidudu vichache, kesho vingi, na dozi ileile ya kihifadhi haitatosha kila mara. Hiyo ni kazi ya miezi. Ifanye, lakini isiwe ndiyo inayoshikilia biashara yako sasa.

Duka liuzie marhamu isiyo na maji. Ni mafuta na nta ya nyuki, basi. Pasipo maji ukungu hauoti. Nta tunayo hapa Katanga, inatoka katika misitu ya miombo pamoja na asali. Waulize wauza asali, wengi hawajui waifanyie nini. Iyeyushe na kuichuja kwa kitambaa mara mbili. Kisha gramu 20 za nta kwa gramu 80 za mafuta ya avoka au ya karanga, katika bakuli lililokaa ndani ya sufuria ya maji moto, si juu ya moto wenyewe. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65, hapana haja ya kuyapika mafuta. Tia vitamini E nusu gramu kwa kila gramu 100. Hapa ndipo mahali pake. Kipimo hicho cha 20 kinafaa Oktoba, wakati joto la kwetu linapita nyuzi 30 na marhamu laini inageuka mchuzi ndani ya mkoba. Juni na Julai, baridi ya asubuhi inaigandisha kama mshumaa, kwa hiyo shusha nta hadi 15. Asali usiitie humu. Haichanganyiki na mafuta, itazama chini, na itarudisha yale maji tuliyoyakimbia.

Jambo dogo linaloharibu kazi ya wengi: wanafunika kopo lingali moto. Mvuke unaganda chini ya kifuniko, matone yanadondoka, na hapo umeshatia maji bila kujua. Acha vipoe chini ya kitambaa safi, funika baadaye. Vikopo vikauke kabisa kabla ya kumimina.

Sasa sabuni. Mama, kikombe ndicho kinachowasha ngozi za watu. Soda kostiki, ile kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, ya vipande na ya punje hazilingani uzito katika kikombe kimoja, na ile inayopimwa wazi sokoni imeshanyonya unyevu, nguvu yake imepungua. Nunua iliyofungwa, pima kila kitu kwa gramu, hata maji. Kila mafuta yana kiasi chake cha soda. Mawese yanahitaji gramu 0.142 kwa kila gramu, karanga 0.136. Ukichukua gramu 800 za mawese na 200 za karanga, ni 113.6 kujumlisha 27.2, jumla 140.8. Hicho ndicho kiasi kinachoyamaliza mafuta yote. Punguza sehemu 5 katika 100 ili mafuta kidogo yabaki kuilinda ngozi, unapata gramu 133.8 za soda, na maji gramu 270 hivi. Kikombe chako kikitoa 150, gramu 9 zimekosa mafuta ya kushikamana nayo, na zitaitafuta ngozi ya mteja. Ukibadilisha mafuta, fanya hesabu upya. Mafuta ya kokwa za mchikichi yana kipimo kikubwa kuliko mawese, usiyabadilishe kilo kwa kilo.

Soda inamwagwa ndani ya maji, kamwe si maji juu ya soda, na usitumie sufuria ya alumini. Nilipoanza kazi hii nilitumia ile ya jikoni kwa mama yangu. Soda inaila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni inayowaka. Ilitoka povu, ikapata moto, na sufuria ikatoboka. Tumia chuma kisichoshika kutu au plastiki nzito, vaa miwani na glavu, watoto wawe nje. Ikikurukia, osha kwa maji mengi dakika 15 au zaidi, usipake siki. Vipande vikishakatwa, vipange penye hewa wiki 4 hadi 6. Masika sabuni inatoa jasho, maana gliserini iliyomo inavuta unyevu wa hewa. Haijaharibika, ipanguse na kuipa upepo. Kabla ya kuuza, lowanisha na upime pH: 9 hadi 10 ni kawaida ya sabuni, ikipita 11 usiiuze.

Kuhusu kukua, la kwanza ni daftari. Kila mpiko, yaani kila safari unayopika, uwe na namba, tarehe, uzito wa kila kitu na mahali uliponunua, na namba hiyo iandikwe chini ya kopo. Baki na vikopo viwili vya kila mpiko, kimoja kabatini, kimoja dirishani penye jua, uvifungue kila mwezi. Duka likikuuliza mafuta yako yanakaa miezi mingapi, utajibu kwa ulichokiona.

Bei nayo. Vikopo vinavyopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, unavilipa kwa dola, wewe unauza kwa franka. Hesabu gharama kwa dola, uiangalie upya kila unaponunua. Weka ndani yake vikopo vinavyovunjika, makaa, usafiri, na siku zako za kazi kana kwamba unamlipa mtu. Duka nalo litaweka faida yake juu. Kama bei unayomuuzia jirani wa Katuba ndiyo ya chini kabisa unayoweza kuifikia, basi hapo hujapata bei ya jumla, na oda ya vikopo 200 itakuchosha bure. Anza na 40 vya marhamu, na vipande vya sabuni vilivyotimiza wiki zake.

Duka kubwa litakudai karatasi. Nenda Guichet Unique, ofisi ya kuandikisha biashara, upate namba ya RCCM, yaani ya daftari la biashara, na uwaulize watu wa OCC, ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa, wanachotaka kwa bidhaa yako kabla ya kuchapa lebo. Lebo iwe na viambato vyote, uzito, namba ya mpiko na tarehe, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Usiandike kwamba inaponya upele au vidonda, hiyo ni kazi ya dawa. Na utaombwa cha kung'arisha ngozi, tena na watu wa pesa nzuri. Kataa. Haidrokwinoni na zebaki zinazotiwa humo zimeharibu nyuso za mama zetu wengi mno mjini hapa, na zebaki inafika hadi kwenye figo.

Wale watatu waliorudisha vikopo, wape marhamu au pesa yao, wachague wenyewe. Wengine walionunua mpiko uleule hawajasema kitu, na huenda bado wanajipaka, au wanawapaka watoto. Wapigie simu leo, kabla hujaliendea duka.