Kebini ya lori na "cabin" ya meli: ni ndugu?

SWALI: Meli ina "cabin", ndege ina "cabin", lori lina kebini, na kibanda cha magogo cha Marekani nacho ni "cabin". Imekuwaje?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Asili yake ni capanna, neno la Kilatini cha zama za mwisho, yaani kibanda. Isidore, askofu wa Seville huko Hispania aliyefariki mwaka 636, aliandika kwamba watu wa shamba walikiita hivyo kwa kuwa kinamtosha mtu mmoja tu. Alikuwa akilihusisha na kitenzi capere, kuchukua. Maelezo matamu, ila wanaisimu wa leo hawayategemei. Isidore alipenda mno kuoanisha maneno kwa sauti.

Kutoka hapo likapitia Kiprovansi, lugha ya kusini mwa Ufaransa (cabana), na Kifaransa (cabane), na katika karne ya 14 tunalikuta Uingereza likiwa na maana mbili tayari: kibanda, na chumba kidogo melini. Ya melini ndiyo iliyopanda ndege, maana usafiri wa anga uliazima istilahi tele za baharini. Nasi tulifanya hivyohivyo: rubani alikuwa mwongoza chombo baharini kabla hajarushwa angani. Kifaransa nacho kikaja kuazima "cabine" kutoka Kiingereza, mkopeshaji akawa mkopaji.

Kibanda cha magogo kinahusishwa zaidi na Waswidi na Wafini wa New Sweden, koloni lililoanzishwa kando ya mto Delaware mwaka 1638. Magogo huchongwa mapengo kwenye ncha, yakapandanishwa pembeni hadi yakabana bila misumari, kisha nyufa huzibwa kwa udongo.

Lori ndilo lenye mtego. Kebini yetu, pamoja na pikapu ya dabo kebini, imetoka kwenye "cabin" kweli. Lakini Mwingereza sehemu hiyo ya lori huiita "cab", na hilo ni neno la ukoo mwingine kabisa: ni kifupi cha cabriolet, gari jepesi la farasi lililopewa jina la Kifaransa la mruko wa mbuzi kwa jinsi lilivyorukaruka njiani. Teksi za London nazo huitwa "cab" kwa asili hiyohiyo.

SWALI: Natafsiri mwongozo wa abiria wa ndege. Programu imenipa "wafanyakazi wa kibanda" kwa "cabin crew". Niandikeje?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Futa. Kibanda kwetu ni pa kuuzia chipsi au vocha. Andika wahudumu wa ndege, marubani hawamo. "Cabin" yenyewe ni sehemu ya abiria, na mzigo wake ni mzigo wa mkononi.

Angalia sana "cabin altitude". Ukiandika "kimo cha ndege" umepotosha, kwa sababu ndege inaweza kuwa futi 35,000 huku hewa ya ndani ikishindiliwa iwe kama ya mahali pasipozidi futi 8,000, takriban mita 2,400. Afadhali urefushe: kimo kinacholingana na shinikizo la hewa ndani ya ndege. Ni ndefu, lakini daktari anayemshauri mgonjwa wa mapafu ataelewa.

Kwa meli, usiishie kwenye "chumba", kwani hata injini ina chumba chake. Sema chumba cha kulala.

SWALI: Basi kabati nalo linatokana na "cabinet"?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana, linatokana na "cupboard", ubao wa kuwekea vikombe. "Cabinet" ndilo jamaa wa "cabin": kwanza lilikuwa chumba kidogo cha faragha, halafu likawa jina la washauri waliokutana humo na mfalme, ndiyo maana leo ni baraza la mawaziri. Ila ukikuta "cabinets" kwa wingi mlangoni katika nchi ya Kifaransa, usitafute waziri. Hicho ni choo.