Sataranji au chesi? Jibu nilikua nalo

Mmeuliza wiki hii chess tuiite nini kwa Kiswahili, chesi au sataranji. Mie sijamaliza hata kusoma nshasema sataranji, tena kwa hasira, neno tunalo siku zote tunakwenda kuazima la nini.

Sababu ni ami yangu wa Wete. Alikaa Maskati miaka, karudi na ubao wa sataranji, farasi mmoja kapotea njiani ikawa tunaweka komwe ya bao mahala pake. Laasiri tunakaa barazani, wenzetu wanapiga dhumna, sie kimya. Ami alipenda kunihesabisha, bao mashimo 32 komwe 64, sataranji nyumba 64 kete 32. Akikutishia mfalme anasema "shaha", kwa sauti ya chini, bas. Siku moja nimetoka skuli nikamwambia ami tucheze chesi. Akanitazama. Chesi ndo nini? Nikamuonesha ubao. Hakugomba, alikusanya kete moja moja, mfalme, waziri, ndovu, ile komwe mwisho, akafunga na kitambaa akasema, "Mwanangu, huo mie siujui." Siku tatu hatukucheza mpaka nilipokwenda kumwambia ami, naomba sataranji. Kile kitambaa nikikikumbuka roho inaniuma mpaka leo.

Sasa hapa nilitaka niwaoneshe kua chesi ni neno la wageni, nikajikuta nnajifunga mwenyewe. Sataranji tumelitoa kwa Waarabu, shatranj, wao wamelitoa kwa Waajemi, chatrang, nao Uhindini, chaturanga, yaani sehemu nne za jeshi: askari wa miguu, farasi, ndovu na magari ya vita. Na hiyo chess ya Waingereza imepitia Kifaransa cha zamani, esches, lakini mzizi wake ni shah, mfalme wa hao hao Waajemi. Kwa hivyo mtoto akisema chesi anasema shaha, lile lile la ami. Ami keshatangulia mbele ya haki, sikuwahi kumwambia.

Basi kwenye fomu za mashindano andikeni chesi, vijana washaizoea, sina ugomvi, ila skulini na sataranji wafundishwe, na mzee barazani asisahihishwe na mtu. Lakini kuiita kete ya ndovu askofu, kama Waingereza wanavyoiita bishop, hapana. Kete ile Waarabu wanaiita fili, yaani ndovu, sie kwa ami tukisema ndovu, na nyie muandike ndovu.